Zamu ya Alfajiri

Kwa Kaka Tamotsu,

Salamu nyingi zikufikie huko Miyazaki, wewe, wifi Kanoko na watoto. Je, kifua cha wifi kimetulia? Sisi huku wazima, ingawa uzima wenyewe ni wa kupiga beleshi kutwa na kulala mgongo ukilia. Theluji imeziba madirisha ya chini, mchana tunawasha taa. Simu imekatika tangu waya zianguke, ndiyo maana naandika.

Redio haina habari nyingine. Hokkaido dhoruba imefukia magari barabarani na watu wakiwa ndani. Pwani ya magharibi mawimbi yamebomoa kuta. Kwenu kusini mito imefurika, na kila walipoutaja mji wenu nilishika kifua. Sasa wanasema mvua yenu hiyo, na joto lake, inapanda kuja kwetu. Mvua ya joto juu ya theluji iliyompita mtu kimo! Unajua mwenyewe inavyoiyeyusha yote kwa mkupuo. Mtaani hakuna anayetania tena.

Hukuwapo walipobadilisha zamu za mfereji, kwa hiyo nikueleze. Siku hizi maji ya mto hupewa mtaa mmoja baada ya mwingine, na sisi tunamwaga theluji yetu mferejini mchana tu, maji yakiwapo ya kuichukua. Ukimwaga wakati maji yako kwa wenzako, theluji inakaa na kuganda. Maji yakirudi hayana pa kupita, yanaingia nyumba ya mwisho mteremkoni. Nyumba hiyo ni ya Mzee Kurasawa, naye anaishi peke yake. Mwezi huu yamemwingilia mara mbili, alfajiri.

Lawama zote zilimwangukia Nagamine, yule seremala aliyehamia na mkewe kutoka Okinawa, kwenye visiwa vya joto. Mtu aliyekulia kwenye miwa atajua nini kuhusu theluji, walisema, arudi kwao akafue kaptula zake! Aliapa mpaka machozi yakamlenga. Mwenyekiti wa mtaa akataka anyimwe mfereji, na msimu kama huu hiyo ni sawa na kumzika. Nami, Mungu anisamehe, nilitikisa kichwa kukubali kama wenzangu.

Leo alfajiri nikasikia kifuniko cha mfereji kikiburutwa. Nikatoka mbio. Kaka, alikuwa Mama. Amevaa koti la marehemu Baba, anasukuma theluji kwenye mfereji mkavu, anahema, uso umejaa furaha. Nilipomuuliza anafanya nini, alinigombeza: wee Chizuru, umelala mpaka saa hizi, zamu yetu ni alfajiri, baba yako keshatangulia! Na kweli ilikuwa alfajiri, zamani hizo tukiwa wadogo.

Nilimrudisha ndani, nikateremka kwa Mzee Kurasawa, nikainama kumwomba radhi mpaka paji likagusa sakafu. Akanimiminia chai, akasema alijua siku nyingi. Enzi zile mtu hakumwaga kabla ya kuwapigia kelele walio chini, na Mama bado anampigia. Mara zote mbili Mzee alimsikia, akaitikia, akapandisha mikeka yake juu ya meza, akakaa kuyangoja maji. Angemtaja Mama, aliniuliza, sisi tungempeleka wapi? Maji yanakauka, alisema. Nikamwuliza, na Nagamine je? Akaniongezea chai kikombe kikiwa bado kimejaa.

Nilimsihi ahame kabla ya mvua, maana haya ya kesho hayataishia kwenye vifundo vya miguu. Akakataa katakata. Akiondoka, alisema, nani atamwitikia yule mama?

Basi nilikwenda ukumbini nikawaeleza wote. Nagamine hakuniambia neno baya. Aliuliza barabara ya shuleni, kwenye kimbilio la mtaa, inapitika au la, kisha akaja akambeba Mama mgongoni, naye akimkaripia njia nzima kwamba anatembea kama bata. Mzee Kurasawa alipowaona wakipita, alivaa viatu akafuata. Sasa wote tuko shuleni, ghorofa ya pili, pamoja na nusu ya mtaa.

Hili la mwisho lisome ukiwa umekaa. Ulimwahidi Baba kwamba Mama atafia nyumbani kwake, kisha ukaondoka, ukaniachia mimi ahadi yako niitunze. Nimeitunza mpaka nusura iue mtu. Barabara ikifunguka, Mama anakuja kwako. Sikuombi ruhusa. Kasirika upendavyo, lakini mtengeeni chumba, na mlango wa nje ufungwe kwa ndani, juu, ambako mkono wake haufiki.

Barua hii itakufika mambo yakiwa yameshakuwa, kwa heri au kwa shari. Mvua imeanza. Nimetoa mkono dirishani, ni ya uvuguvugu.

Nisalimie wifi, nibusie watoto. Mama naye anawasalimu, kila mmoja kwa jina, bila kukosea hata moja. Hajaambiwa kitu kuhusu kuja kwenu. Kila mara ananivuta mkono aniulize tunarudi nyumbani lini, nami namwambia kesho.

Mdogo wako,
Chizuru