Amplifaya ya Baba Dorika

Jumatatu, 28 Aprili 2025

Dorika amepiga simu kutoka Dodoma. Anakuja Jumamosi. Kwaya yetu inatimiza miaka arobaini tarehe 18 Mei, na Mwalimu Filipo amemwomba aje apige gita siku hiyo. Nikasema vizuri sana mwanangu. Akasema, mama, nataka nipigie ile amplifaya ya baba. Nikageuka kuangalia mlango wa chumbani. Mama upo? Nipo.

Iko chumbani juu ya stuli, na kitambaa chake. Miaka ishirini na moja sasa. Nafuta vumbi kila Jumamosi. Sijawahi kuichomeka. Marehemu mume wangu Laurenti alinikataza kugusa nyuma yake — alisema umeme unabaki umelala mle ndani hata ukichomoa waya. Alisema huku anacheka, lakini mimi nilishika. Mpaka leo nikifagia pale napita mbali.

Nimeunguza maharage kwa kuwaza. Huyu mtoto nimebaki naye mmoja.

Jumamosi, 3 Mei

Amefika saa saba mchana, gita mgongoni. Shikamoo mama, kabla hajashusha hata begi. Marahaba mwanangu, mbona umekonda hivyo. Akasema mama, hata ningekuja kama gunia la alizeti ungesema nimekonda.

Chakula hakugusa kwanza. Akaenda chumbani. Akaweka mkono juu ya kitambaa. Hiki ulifuma wewe? Mimi. Mwaka tulipooana. Uzi mweupe, maua manne, pembe moja nilikosea kuhesabu. Chini nimekishonea kitenge kizito kisichanike.

Yaliyobaki sikumwambia. Kitambaa hiki kilituletea maneno. Nyumba hii haikuwa na umeme, jenereta lilikuwa la kanisa, basi siku za mazoezi Laurenti alikuja kuifuata amplifaya. Anavua kitambaa, anakikunja, anakiweka kitandani. Anaifunga kwenye keria ya baiskeli kwa mpira, anakwenda. Akirudi nakimbilia kuifunika — hapana, Mama Dorika, ngoja kwanza. Kila siku ngoja kwanza. Nikamuuliza siku moja, kwani kinakuaibisha? Akacheka, akasema wewe nawe. Hakueleza. Mimi nikabaki na langu: yule ana marafiki wa mjini, hataki waone kazi ya mke wa darasa la nne. Nilinuna muda mrefu. Halafu malaria ikamchukua kwa wiki moja, na kununa kwangu hakukupata mtu wa kukumaliza naye.

Jumapili, 4 Mei

Nimeharibu.

Baada ya ibada Dorika aliichomeka sebuleni. Mimi nilisimama mlangoni na ndala miguuni. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Ukaja mngurumo kama mzinga wa nyuki. Nyuma, vile vichupa vya kioo vikaanza kuwaka rangi ya chungwa, taratibu, kama makaa unayoyapuliza. Halafu harufu. Vumbi lililopata moto na kitu kingine sijui nikiite nini. Nikashika fremu ya mlango. Ni harufu aliyokuwa anarudi nayo kwenye shati. Nilikuwa nafua shati lile bila kujua inatoka wapi.

Dorika akapiga kidogo. Akaniangalia, akafuta machozi, akasema bado yuko hai huyu mzee.

Mwalimu Filipo akabisha hodi. Dorika akatoka kumpokea, akaacha inawaka. Mimi nikaona mgeni anaingia na kitu kiko wazi vile, kama nyumba haina mwanamke. Nikakifunika. Redio imefunikwa, makochi yamefunikwa, itakuwaje hicho? Tukanywa soda, wakaongea nyimbo karibu saa nzima. Harufu ikabadilika. Nikadhani ni jikoni. Ikalia ta! — ikazima.

Dorika aliponyanyua kitambaa kilikuwa na alama ya kahawia katikati ya ua moja. Nani amefunika? Mimi. Hakunigombeza. Angenigombeza ningelala.

Jumatano, 7 Mei

Singida mjini kwa fundi Antipasi. Tulikodi bajaji toka hapa Ilongero, amplifaya nimeipakata kama mtoto mwenye homa. Kila shimo la barabara nasema pole.

Antipasi ni mtu mzima, miwani imefungwa uzi. Kabla ya kugusa chochote alichukua bisibisi yenye waya, akagusisha ndani. Ikaruka cheche. Nikajikuta niko nje kwa muuza nyanya. Akaniita, rudi Mama Dorika, nyoka ameshatoka. Kumbe ndio ule umeme unaolala. Laurenti hakuwa anatania.

Akatuonyesha. Kapasita mbili, vile vikopo vinavyotunza umeme, zimevimba kama kunde mbichi. Hizi zilikuwa zinakufa tu, alisema, kitu kikikaa miaka yote hiyo hukichomeki ghafla, unakiletea fundi kwanza. Hapo alimtazama Dorika, Dorika akaangalia viatu. Vile vichupa vya kioo anaviita valvu. Mbili zilikuwa kubwa, moja imeungua, kioo chake kimekuwa cheupe juu kama jicho lenye mtoto wa jicho. Akasema mama una bahati, ninayo kama hii ndani ya redio moja ya zamani hapo juu. Akapanda kwenye kiti, akaishusha redio, akaichomoa humo.

Halafu akauliza, hii mliifunika? Nikasema ni mimi. Nikasubiri kusemwa. Akasema juu hapa kuna matundu, hapa ndipo inapotolea joto. Hata ikizimwa inabaki na moto muda mrefu. Mwenyewe alikuwa anafanyaje? Nikamwambia: alikivua kwanza. Na akirudi nayo hakutaka nifunike, mpaka jioni ndipo anakirudisha mwenyewe.

Antipasi akasema, basi marehemu alikuwa anajua kazi. Alingoja ipoe. Akawa anachomelea waya, hatazami mtu, akaongeza: mwingine angekitupa hicho kitambaa. Yeye alikuwa anakirudisha.

Nikatoka tena nje. Muuza nyanya akaniuliza mama vipi, umeme tena? Nikasema ndiyo.

Kila siku alikirudisha. Na pembe ile niliyokosea alikuwa anaiweka upande wa ukutani, isionekane. Nilikuwa naona. Nilidhani imetokea tu.

Jumamosi, 10 Mei

Amplifaya imerudi na inaimba. Kitambaa nimekiweka kwenye sanduku langu la nguo, na alama yake ya kuungua. Sitaifua alama ile.

Sasa limekuja jipya. Antipasi amemwazima Dorika pedali tatu, visanduku vya chuma vya kukanyaga kwa mguu, ajaribu. Atabaki na mojawapo, mbili zirudi kwake Jumamosi ijayo. Moja inaleta mwangwi, kama mtu anaitwa ng'ambo ya bonde. Ya pili inatetemesha sauti. Ya tatu inakwaruza — hiyo nilimwambia watoto wa Sunday school watakimbia.

Nikasema chagua unayopenda. Akaweka gita chini. Mama, mimi baba namjua kwa picha moja tu, na kwenye picha gita halitoi sauti. Hakuna kaseti. Mwalimu Filipo amekuja baba ameshakufa. Wa zamani nimewauliza, mmoja anasema alipiga kwa utamu, mwingine anasema alipiga kwa nguvu. Aliyemsikia wewe. Mimi Jumapili ile nataka asikike yeye, hata dakika mbili. Wewe ndiye uniambie ni ipi.

Akapiga zote pale sebuleni. Wimbo ule wa mavuno aliotunga baba yake, nilimfundisha mimi kwa kuuimba akiwa mdogo. Nikafumba macho. Hakuja mtu. Nikapata hofu ya ajabu. Itakuwaje nimemsahau? Nikasema ya pili. Dorika akasema una uhakika mama? Nikasema kabisa.

Nimemdanganya mtoto wangu.

Jumanne, 13 Mei

Nimeshindwa kukaa na ule uongo. Tulikuwa tunapepeta mtama, nikasema Dorika, sikumbuki. Ile ya pili nilitaja tu. Nikalia, makapi yananiingia machoni.

Hakukasirika. Aliendelea kupepeta, halafu akauliza, mama, yeye akipiga wewe ulikuwa unakaa wapi?

Swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikafikiri, nikamwambia. Ibadani hakupiga, wazee wa kanisa enzi hizo hawakutaka gita la umeme Jumapili. Harusini mimi nipo nyuma na masufuria, ngoma na vigelegele vinafunika yote. Mazoezi yalikuwa kanisani, Jumanne na Alhamisi, saa tisa. Saa tisa ndio kwelea wanashuka kwenye uwele. Nilikuwa juu ya lile jiwe kubwa la shambani kwetu, nafukuza ndege, na wewe mgongoni. Napiga debe, nikipumzika ndio nasikia.

Akasema, basi hujawahi kumsikia akiwa karibu.

Nikasema sijawahi. Mwanamke ameolewa na mpiga gita, hajawahi kukaa mbele yake akipiga. Tukacheka sana. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini.

Akasema Alhamisi uende kwenye jiwe, mimi nitapiga kanisani.

Alhamisi, 15 Mei

Niko juu ya jiwe. Naandikia hapa hapa, daftari gotini. Dorika amenipangia: atapiga wimbo ule ule mara nne, kwanza bila kitu, halafu mwangwi, halafu ya kutetemesha, halafu ya kukwaruza. Mimi niandike. Akimaliza atanipigia simu nimwambie ni ipi.

Kupanda jiwe kumenitoa jasho. Zamani nilipanda na mtoto na debe. Uwele mwaka huu umejaa vizuri. Kwelea wako kwenye ule mgunga, wananiangalia.

Ameanza. Ya kwanza, bila kitu. Inafika nyembamba. Upepo unachukua kipande unarudisha. Si yeye lakini si mbali.

Ndege wameshuka, nimepiga debe, wameinuka.

Ya pili

Nilikuwa nimeacha kalamu. Sijui nimekaa bila kuandika muda gani. Nilikuwa nimesimama, mikono yangu miwili iko nyuma, nimeishikanisha chini ya mgongo, najitikisa taratibu hivi, kama namlaza mtoto. Mgongoni hakuna kitu. Laurenti amepita. Alikuwa pale kanisani anapiga na jasho kwenye shati, na mimi niko hapa nimemnunia. Nilimsikia wazi kabisa.

Lakini sikuhesabu. Ilikuwa ya pili au ya tatu, au ilikuwa yote, sijui. Sasa kumenyamaza. Kwelea wako kwenye uwele wote, mabua yameinama, sijanyanyua debe.

Simu inaita. Ni Dorika. Imekatika.

Inaita tena.