Maneno Ambayo Ma Kokugonza Hakuyasema

Jumamosi, Kashai, Bukoba. Mvua ya mchana imekatika, jua limetoka kali na barabara inafuka mvuke. Nimerudi kutoka Muleba saa moja iliyopita. Sijala, na sitaki kula.

Najichukia leo. Naandika hivyo kwanza ili nisije nikakwepa baadaye.

Miezi miwili iliyopita niliandika hapa kwenye blogu yangu habari za Ma Kokugonza, mjane wa kijiji kimoja huko Muleba. Nilisema mumewe alimwacha wakiwa bado vijana, akahamia Uganda kwa mwanamke mwingine na kufia huko, naye akabaki kulima kibanja, shamba la migomba la ukoo, peke yake. Nikamalizia kwa maneno yake mwenyewe: “Migomba ndiyo iliyonioa.” Hakuna makala yangu iliyosomwa zaidi ya hiyo. Watu waliniandikia kwamba wamelia. Mimi nilikuwa naifungua na kuisoma tena, nikijipongeza.

Ma Kokugonza hakusema maneno hayo. Nilikuwa sijawahi hata kumwona. Niliyatunga kwenye kiti hiki hiki, kwa sababu makala ilikuwa haina mwisho mzuri.

Habari yote nilipewa na Deus, jirani yangu hapa Kashai. Ma Kokugonza ni shangazi yake. Tulikuwa barazani tunamenya ndizi, na kila mara alikuwa anasema, “Nilivyosikia mimi.” Nilipoandika, niliyaondoa maneno hayo kila mahali. Niliona yanaharibu ladha.

Jumatano Deus alikuja kwangu, akakataa kukaa. Alisema shemeji yake shangazi, mzee anayeitwa Ta Rwegasira, ameichapa makala yangu kwenye karatasi na kuipeleka kwenye kikao cha ukoo. Hoja yake ni kwamba kama kaka yake alimwacha huyu mwanamke, basi hana haki ya kukaa kwenye kibanja cha ukoo. “Hata mwandishi wa mjini ameandika,” ndivyo alivyowaambia. Uamuzi ungetolewa leo.

Mwandishi wa mjini.

Alhamisi nikaenda Muleba. Nilimkuta Ma Kokugonza uani, anaanika kahawa kwenye mkeka. Alinikaribisha vizuri, akanipa kahawa za kutafuna kabla hata hajajua mimi ni nani. Nilipojitaja, aliacha kuanika.

“Kumbe ndiwe,” akasema. “Basi nisomee. Mimi nimesimuliwa tu.”

Nikamsomea yote. Sauti yangu ilikuwa inanitia kinyaa. Nilipofika kwenye ile migomba, akainua mkono.

“Hayo nilikwambia lini, mwanangu?”

“Hukuniambia, Mama.”

“Alikuambia nani?”

“Hakuna.”

Hakunigombeza. Alijifuta mikono kwenye kanga, akanipeleka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na kaburi la saruji, limefagiliwa, na jina la mumewe limeandikwa kwenye msalaba. Akaniambia mumewe alikwenda kweli Uganda, kutafuta kazi. Alirudi mgonjwa. Yeye Ma Kokugonza ndiye aliyemuuguza mpaka akafa, chumba kile cha mbele.

“Ungefika hapa siku moja tu,” akasema, “ungeliona.”

Afadhali angenitukana.

Nikamwomba anisimulie maisha yake yote, niandike upya kwa usahihi. Nilikuwa nimeshatoa daftari. Akalitazama, akatikisa kichwa. “Kaandike ulichokiona. Mengine ni yangu.”

Hata pale, pembeni ya kaburi, nilikuwa bado natafuta makala.

Leo kwenye kikao nilisimama nikasoma masahihisho yangu. Nilisema sikufika, sikumuuliza mhusika, na maneno ya mwisho niliyabuni. Ta Rwegasira alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

“Juzi uliandika hivi, leo unaandika vile,” akasema. “Sasa sisi tushike lipi?”

Mzee mmoja akacheka kidogo, nikakaa chini.

Aliyesimama baada yangu ni jirani yake Ma Kokugonza, mama mmoja mfupi anayeitwa Ma Domina. Hakuwa na karatasi. Alisema marehemu alirudi wakati wa kuchuma kahawa. Akawataja waliomtoa stendi kwa machela, mmoja mmoja, na wawili wao walikuwa wamekaa palepale. Akamtaja aliyechimba kaburi. Kisha akamgeukia Ta Rwegasira.

“Na msalaba uliubeba wewe.”

Ta Rwegasira akainamisha macho. Wale wawili wakasema ni kweli. Wazee hawakuchukua muda: Ma Kokugonza anabaki kwenye kibanja chake, na asisumbuliwe tena.

Alikuwa anajua! Alibeba msalaba kwa mikono yake, na karatasi yangu ndiyo iliyompa ujasiri wa kujifanya hajui. Nilidhani nimemchukia yeye, lakini njia nzima ya kurudi Bukoba kinyaa kilikuwa kinanirudia mimi. Yeye alitaka shamba. Mimi nilitaka sifa tu.

Na Ma Domina, ndani ya dakika tano, alifanya kazi ambayo mimi najitambulisha kwa watu kwamba naifanya. Alikuwepo. Alisema nani, wapi, na wakati gani, mbele ya watu wanaoweza kumkatalia.

Kikao kilipoisha, Ma Kokugonza aliniaga kwa neno moja: “Haya.”

Nimeshaiondoa ile makala. Mahali pake nimeweka masahihisho, yenye jina langu juu kabisa. Nilidhani nikimaliza hapo nitapata nafuu. Badala yake nimeanza kusoma makala nyingine za hapa, na daftari langu liko pembeni. Ya fundi viatu wa mtaa wa Bakoba, hapa hapa mjini, ina nukuu ambayo watu wengi waliipenda. Nimepekua daftari kurasa zote za siku ile. Nimekuta jina lake, bei ya soli, na jinsi anavyoshika sindano. Nukuu haimo.

Sikumbuki kama aliisema.

Fundi yupo hai, na kibanda chake hakiko mbali. Anafunga saa kumi na mbili. Sasa hivi ni saa kumi na nusu. Naenda. Nitaanzaje kumwambia?