Nyota ya Danstan

Suzan, acha unachofanya usome hii. Danstan yamemkuta leo kwao Mugoma!

Si unajua chuoni anasomea mbegu za kiume za minyoo ya baharini? Alichora moja, kubwa, akaiacha mezani.

Mama yake kuona kichwa cha mviringo na mkia mrefu, akajua ni nyota ya Mamajusi. Akaitundika juu ya msalaba. JUU YA MSALABA, Suzan!

Jumuiya wakaja kusali hapo. Katekista akainyunyizia maji ya baraka! Danstan jasho linamtiririka, anaitikia “Amina” na wenzake.

Sala ilipoisha katekista akamwambia, “Mwanangu, tuchoree nyingine kubwa zaidi, ya kuweka kwenye pango la Noeli.”

Mama akadakia, “Na mkia uongeze!”

Amekubali. Sasa hivi yuko Ngara mjini ananunua rangi ya dhahabu.