Kisu chenye Mpini wa Mpera

Jumatatu, 3 Machi
Nimenoa tena. Kinoo, maji, mara ishirini kila upande. Nje mvua ya Amalemba inapiga mabati na mimi nasinzia huku mkono unaendelea.

Visu vitatu mezani. Mwenyekiti wetu, Khavere, amefunga alama za wahunzi kwa vipande vya tyubu ya baiskeli nisije nikapendelea. Kazi bure. Chenye mpini wa mpera ni cha Baba. Ningekijua hata macho yakiwa yamefumbwa.

Kikundi chetu cha kuongoza wageni msituni kinataka kuwapa wenzetu wapya kumi na wawili kisu cha aina moja. Kila mhunzi ana umbo lake la kisu. Anayeagiza anachagua mti wa mpini, urefu na mnoo, yaani umbo la makali. Mimi ndiye wa kupima. Nilisema wazi kwamba Baba yumo kati ya wahunzi hao. Khavere akacheka tu. "Wewe ndio unajuanga visu. Sema ukweli, basi." Nikaitikia upesi mno.

Baba amesema kazi hii ikienda kwingine atazima tanuru. Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana naogopa.

Jumanne, 4 Machi
Msituni alfajiri. Ukungu mzito, mti haupo mpaka uufikie. Visu vyote vitatu kiunoni, vinagongana, natembea nikilia kama mbuzi mwenye kengele.

Mipini. Kisu cha mhunzi wa Musanda ni cha pembe ya ng'ombe. Kinapendeza, lakini kikilowa kinateleza kama kambare. Cha Shikuku, mhunzi jirani yangu hapa Amalemba, ni mvule. Kinene, kinachosha kidole gumba. Cha mpera kinakaa. Unasahau kuwa umeshika kitu. Baba alinichora kiganja kwenye katoni nikiwa shuleni, na mpaka leo anachonga kwa mchoro ule. Je, huu ni upendeleo? Nimewapa wenzangu wawili wakishike. Nao wakasema kinakaa.

Nikaketi kwenye gogo kupumzika. Mbega walikuwa juu, mikia yao myeupe inaning'inia kwenye ukungu bila wenyewe kuonekana. Sijui nilikaa muda gani. Chai kwenye chupa ilipoa.

Alhamisi, 6 Machi
Mnoo leo.

Cha Musanda ni chuma kisichoshika kutu. Mbavu zake zimebonyea, makali membamba sana. Muwa kinaumenya vizuri ajabu, lakini kwenye mti kinanasa. Cha Shikuku kilikuwa msumeno wa mbao zamani. Mbavu zina kitumbo. Kinapasua, ila kuchonga ni kama kubishana. Cha Baba ni springi ya lori, mteremko mmoja ulionyooka mpaka kwenye makali. Unakilaza juu ya mti na chenyewe kinaiona njia.

Nilichonga nacho kuni yenye unyevu mpaka ikaota manyoya membamba yaliyojikunja. Njiti moja ya kibiriti, moto. Halafu nikachonga mwiko, bila haja, kwa raha tu. Jioni iliingia polepole na mimi bado nachonga.

Nataka kiwe hiki. Naandika hivi kwa kuwa hakuna anayesoma.

Ijumaa, 7 Machi
Kupasua. Msituni hatukati kitu, kwa hiyo nilinunua kuni kavu hapa mtaani. Unaweka kisu juu ya kuni, unagonga mgongo wake kwa gongo.

Cha Shikuku: kuni kumi, makali mazima. Cha Musanda: kimepinda kidogo.

Cha Baba: kuni ya nne, kwenye fundo, makali yakameguka. Mapengo mawili.

Nilisimama pale nimeshika gongo. Kisha nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikachukua tupa. Saa nzima. Mapengo yameisha, hayaonekani kabisa. Kisu kimekonda kidogo, basi.

Najichukia.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya kanisa nikaenda nyumbani. Baba amechinja kuku. Obusuma, yaani ugali, ingokho, ndiye kuku mwenyewe, na mboga. Alikula kidogo, akazungumza sana. Ameshatafuta vipande kumi na viwili vya springi, amevipanga ukutani kwa urefu.

Tanuru bado liko uani. Alilitoa kibandani mwaka jana, anasema anapenda jua mgongoni. Tulikaa kando yake. Vipepeo wanatua kwenye fuawe iliyopoa, wanakunja mabawa, wanaondoka. Ningeweza kukaa pale mpaka nizeeke.

Habari ya mapengo nikarudi nayo mjini.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemwambia Khavere: cha mpera.

Nimeota kisu kinaelea mtoni, mpini juu, nami nakifuata kwenye ukingo nikikiita kwa jina la Baba.

Jumatano, 12 Machi
Kwenye kibanda chetu langoni. Khavere alitaka kujaribu kisu nilichochagua, akakitumia kupasua kuni za chai. Sikumzuia. Ningemzuia ningelazimika kueleza.

Pigo la pili kikakatika katikati. Ncha ikapita karibu na shavu lake, ikajichoma kwenye nguzo nyuma yake. Ikatetemeka hapo.

Khavere akanitazama mimi, si kisu.

"Ulijua?"

Nikasema nilijua. Nikamweleza mapengo, na tupa.

"Na ni wewe unaongozanga wageni."

Akanywa chai amenipa mgongo. Nimechomoa ncha mwenyewe. Kumi na wawili wangekuwa na kisu kile kiunoni. Kwa ajili yangu.

Alhamisi, 13 Machi
Nimempelekea Baba vipande.

Kwetu kisu hakipokezwi mkono kwa mkono, msije mkagombana. Unaweka chini, mwenzako anaokota. Baba ndiye aliyenifundisha. Basi nikamwamkia, nikaweka vipande viwili mbele ya miguu yake, juani kabisa, vinang'aa.

Akainama. Kiganja kikatua kwenye udongo mtupu, shubiri moja pembeni. Akapapasa. Akapapasa tena.

Nilikuwa najua macho yake yamechoka. Sikujua hivi. Kila Jumapili nakuja, nakula, naondoka, wala sijui.

Nikaviokota, nikamtia mkononi. Akapitisha kidole gumba pale palipokatika. Muda mrefu.

"Sukari," akasema.

Chuma kilichoiva sawasawa kikivunjika, ndani ni laini kama majivu. Kilichoungua kina chembe kama sukari. Hilo pia alinifundisha yeye. Nikatazama jua, nikatazama tanuru, nikaelewa. Chuma hupimwa kwa rangi, na rangi huonekana gizani. Alitoa tanuru nje kufuata mwanga, lakini juani chuma chekundu huonekana cheusi. Akawa anaendelea kuvukuta moto akidhani bado hakijaiva, na kumbe kimeshaungua. Mwanga alioufuata ndio uliomponza.

Naye akaelewa. Niliona kwenye mabega.

"Mimi ndio nilikuwa nakatazanga watu kufanya hii kazi kwa jua." Kisha: "Ulijua lini?"

"Ijumaa, Baba."

"Na Jumapili ukakula ingokho yangu ukanyamaza."

"Niliogopa utazima moto."

"Ulitumwa upime kisu. Hukutumwa unifiche."

Ameumia. Si kwa sababu ya kisu. Nimelia njia nzima kurudi mjini, mtu wa boda akajifanya hasikii.

Ijumaa, 14 Machi
Kikao. Nimesema yote mbele ya wote. Wamechagua cha Shikuku, mpini upunguzwe unene. Uamuzi sawa. Sitapima tena kitu cha kikundi mwaka huu, nami sikubisha.

Khavere alinisogezea kikombe cha chai. Hakunitazama, lakini alisogeza.

Jumamosi, 22 Machi
Tumerudisha tanuru kibandani. Magunia mlangoni, giza la kutosha. Sikumwomba ruhusa, nilianza tu kubeba matofali. Baadaye nikasikia anaburuta fuawe nyuma yangu, akinung'unika kwamba nabeba kama mgeni.

Vipande kumi na viwili bado vimeegemea ukuta. Akachukua kimoja. Akafua kwa kusikia, maana nyundo haihitaji macho. Nikapiga tupa mteremko, naye akiupima kwa kidole, akinirudisha mara tatu.

Halafu moto. Yeye mivukuto, mimi macho. Kila mara akauliza rangi ya chuma, nikajibu. Damu ya ng'ombe. Bado. Nyanya. Bado. Ikafika papai lililoiva.

"Sasa, Baba."

Akakizamisha kwenye mafuta. Kikalia kidogo, kikanyamaza.

Tulipomaliza kukilegeza kwa moto mdogo na kukitia mpini, nilikigonga kwenye fundo la mkalitusi. Mara kumi. Hakikumeguka. Baba alikuwa anasikiliza kila pigo. Akakipangusa kwa shati lake, akaninyooshea, mkono kwa mkono. Nikasita.

"Tumeshagombana," akasema. "Chukua."

Nikachukua.

Hatukuinuka. Nje watu walikuwa wanatoka sokoni, sauti zao zinapita juu ya ua na kuisha. Akaniuliza moto sasa una rangi gani. Nikamwambia. Baada ya muda akauliza tena. Hakukuwa na chuma ndani, hakukuwa na kazi. Nikaendelea kumwambia, moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki rangi ya majivu.