Majani ya Mgeni

Jumatatu, 21 Oktoba

Umeme umekatika asubuhi, umerudi karibu na mchana. Picha za majani zinapanda kwenye mtandao kwa mwendo wa kinyonga. Joto la Tabora mwezi huu si la mchezo. Feni nimeipa mashine ya kupimia vinasaba, mimi najipepea kwa bahasha.

Mchana kikao. Vituo vyote vya utafiti wa kilimo nchini kwenye kioo kimoja, kila kituo kinasema chake. Wa pwani na korosho zao, wa ziwani na samaki wao. Zamu yetu ikafika. Nikasema mihogo ya kijiji cha Ntalikwa tumeipima yote, hatukukuta virusi vya michirizi kahawia. Dokta Neema, mkuu wa mtandao mzima wa vituo, mtu asiyecheka, leo kacheka. Kasema basi mbegu za kupeleka Kaliua zitatoka hapo hapo. Lori litabeba pingili za mihogo Jumamosi ya wiki ijayo, kabla mvua haijashika.

Shamba lililochaguliwa ni la mama mkwe wangu. Sikulichagua mimi, limechaguliwa Dar kwa majibu ya vipimo. Nani ataamini? Potelea mbali. Nimefurahi.

Jumatano, 23 Oktoba

Habari imetoka kwenye ukurasa wa mtandao. Kichwa chake: Tabora Safi. Picha ni ya mama mkwe, amevaa kitenge cha Jumuiya ya kanisani, ameshika shina la muhogo kama fimbo ya askofu. Nimecheka mpaka machozi.

Wanastahili. Mama ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama waliopewa simu na bahasha. Wao wanachuma majani, wanayapiga picha, wananiletea. Mimi napima, majibu yanakwenda Dar. Bila wao mashine yangu ni pambo tu.

Mume wangu yuko Kaliua, kazini stesheni. Kaisambaza picha kwa ukoo wote. Simu imeita mchana kutwa.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimepigiwa na bwana shamba wa Kaliua. Wakulima wameng'oa mihogo yao ya zamani yote, wameichoma. Matuta yako tayari. Wanasubiri mbegu zetu tu. Nimemwambia asiwe na wasi.

Nimepitia picha za Ntalikwa tena. Majani mazuri mno. Laini, ya kijani kibichi, hata tundu la mdudu hakuna. Mihogo yangu mimi nyuma ya nyumba haijawahi kuwa hivyo. Wivu tu huo.

Jumapili, 27 Oktoba

Sina hamu ya kuandika, ila nikilala bila kuandika nitapasuka.

Baada ya misa nimekwenda kula kwa mama. Nimepiga goti, shikamoo, marahaba, furaha tele. Akasema twende tukachume kisamvu. Kimvua cha juzi kimechipusha mihogo, vijani vichanga viko vingi. Anachuma haraka, vidole viwili, tak, tak, vile vya juu kabisa. Nikawa namtazama mikono. Mkono ule ule nimeuona kwenye picha zote.

Nikamuuliza polepole, mama, yale ya kwenye bahasha mlichuma wapi? Akanishangaa. "Wapi tena, si hapa hapa juu?" Nikamwambia maelekezo yalisema majani yaliyokomaa, ya chini. Anajua. Walisomewa, walielewa. "Sasa mkamwana, mgeni anaomba majani, nimpe makukuu yenye madoa? Watu wa Dar waseme Wanyamwezi hatujui kukarimu?" Akina mama wote walikubaliana hivyo. Wageni wapewe yaliyo mazuri.

Ugonjwa huu unajificha. Jani changa la juu linaweza kupimwa likaonekana zima, huku la chini limejaa virusi.

Nikaomba muhogo mmoja wa kuchemsha. Akang'oa shina moja, akakaa kumenya. Ndani mna madoa ya kahawia, makavu kama kizibo. Akayachokoa kwa ncha ya kisu bila hata kuyatazama. Nikauliza, haya tangu lini? Akasema yapo siku zote, yanakatwa tu, kinachobaki kinakaushwa makopa.

Nimekula. Nimeiba majani matatu ya chini, nimeyaficha kwenye pochi. Mwizi kwa mama mkwe wangu!

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimepima. Yote matatu yana virusi.

Nimepima tena. Vile vile.

Kikao cha leo nimezima kamera, nikasema mtandao mbovu. Uongo. Dokta Neema kaitaja Tabora mara mbili kwa kuisifu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nimempigia mume wangu, Baba Kabula. Nilidhani ataniunga mkono, yeye yuko huko huko Kaliua, anawaona wale watu na matuta yao matupu. Akasema nifanye ninavyojua, ila mama yake nisimtie aibu. Hivi vitu viwili vinafanyikaje kwa pamoja? Nimemkasirikia sana. Mwanetu Kabula kaniuliza kwa nini nakoroga uji kwa nguvu.

Jumanne, 29 Oktoba

Ukweli ni huu, niuandike nisiukimbie. Pingili zikienda, Kaliua watapanda ugonjwa shamba zima. Hawatajua mpaka wavune, watakuta vizibo. Na ya zamani wameshachoma kwa kutuamini sisi. Pingili zisipokwenda, mama anakuwa kichekesho kanisani, kwenye mashine ya kusaga, kila mahali. Bibi wa Tabora Safi.

Nimekwenda Ntalikwa kwanza kabla ya kupiga simu Dar. Asisikie kwa mtu mwingine.

Nimeeleza yote, na ya majani niliyoyaiba pia. Amesikiliza huku anapepeta mchele. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. Akasema, "Kwa hiyo mimi mwongo." Nikasema hapana mama, si hivyo. Akaweka ungo chini, akaenda kuanua kitenge kwenye kamba, akaingia ndani. Nimekaa uani mpaka nikajiona mjinga. Nikaondoka bila kuagwa.

Nimempigia Dokta Neema nikiwa njiani, nimesimama kando ya barabara na baiskeli yangu. Akauliza kama nina uhakika. Ninao. Akasema lori lisitishwe. Hakunigombeza. Kasema kosa ni letu sote, hakuna aliyewauliza wale akina mama wanamchumiaje mgeni.

Nimelia kidogo. Muuza karanga kaniuliza kama nimefiwa.

Alhamisi, 31 Oktoba

Habari ya marekebisho imetoka. Fupi. Haikumtaja mama kwa jina, hilo niliomba. Lakini picha imeondolewa, na Ntalikwa nzima wameona imeondolewa. Kutoweka kwake kunasema zaidi ya jina.

Majani ya kanda yote yachumwe upya. Kazi ya miezi, kapuni. Wenzangu wa vituo vingine wamenitumia pole kwenye simu kama msiba.

Mama hapokei simu yangu.

Jumamosi, 2 Novemba

Leo ndiyo siku lori lilikuwa lije. Halikuja. Akina mama wengine hawakupata habari, walikuwa wameshafika shambani na mapanga kukata pingili. Imebidi mama mwenyewe awarudishe. Nimeambiwa na jirani, sikuwepo. Ningekuwepo ningefanya nini?

Jumapili, 10 Novemba

Misa. Wakati wa kupeana amani mama kawapa mkono watu wote wa benchi la mbele, wa nyuma, mpaka mtoto mchanga. Mimi kanipita. Shikamoo yangu kaiitikia kwa kutikisa kichwa.

Imeniuma. Sitajifanya haijaniuma.

Jumatano, 13 Novemba

Kuna nafuu. Kituo cha nyanda za juu wamepata pingili safi. Zimepimwa majani ya chini, na mizizi imepasuliwa, safari hii hatubahatishi. Si nyingi. Kaliua watagawana kidogo kidogo, wazalishe wenyewe. Baba Kabula ameziona zikishushwa. Katuma ujumbe: watu wameshukuru. Halafu ujumbe wa pili: pole mke wangu, nilikuachia mzigo. Ameandika mwenyewe, hakulazimishwa. Nimeusoma mara kadhaa.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua imeshika. Paa la ofisi linavuja juu ya mashine, tumeifunika turubai.

Bahasha mpya za Ntalikwa hazijaja. Vijiji vingine vyote vimeleta. Dokta Neema kauliza, nikasema zitakuja. Sijui kwa nini nimesema hivyo. Nimeogopa kwenda kuzidai.

Jumapili, 24 Novemba

Mvua asubuhi, sikwenda misa. Kabula ana mafua.

Mchana hodi. Mama, mlangoni, ameloa mpaka magotini, mfuko wa nailoni kifuani kama anabeba mtoto. Nikapiga goti pale pale kwenye tope. Akasema, "Inuka, utaugua na wewe."

Ndani ya mfuko, bahasha za kikundi chote. Kazipanga mezani. Majani ya chini yote. Manjano, madoa, mengine yamekauka ukingoni. Wale akina mama waligoma, wakasema waliumbuliwa mara moja inatosha. Kawazungukia mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, wiki nzima. Hilo nalo hakunieleza kwa kujisifu. Kalisema huku anavua viatu.

Bahasha ya mwisho kaitoa chini ya kanga, haikuloa hata kidogo. Jani moja. Sijawahi kuona jani baya namna ile, halina pa kushika. Akasema, "Hilo ndilo baya kuliko yote shambani. Nimelitafuta asubuhi yote. La kwako hilo."

Nikaenda jikoni kuchochea moto usiohitaji kuchochewa.

Amekunywa chai, amemkanda Kabula kifua kwa mafuta. Kesho anang'oa shamba lote, achome. Majivu atasubiri yapoe, halafu apande viazi. Kasema tuondoke mapema, nichukue na jembe langu, la kwake mpini umelegea.

Jembe nimeliweka mlangoni. Mvua imepungua. Mama amelala na Kabula, wote wanakoroma.