Mshale Uliosimama kwenye Sifuri

Sharjah

Mdogo wangu Hemedi,

Assalaam aleikum. Natumaini kifua cha mama kimetulia, shemeji hajambo, na kabichi hazikuoza kwa hizo mvua. Mimi mzima, ila joto la huku linatuchuna. Spana ukiisahau juani, huishiki tena. Salamu ziishie hapo, maana nina hasira na wewe, na simu zangu hupokei.

Ile geji ya kupima presha ya tabo, ile hewa inayosukumwa ndani ya injini, nilikutumia kwa upendo. Jioni nzima nilikaa kwenye simu nikikuelekeza: kata ule mpira mwembamba unaotoka kwenye injini, weka kiungo cha njia tatu, pitisha bomba la geji kwenye tundu la nyaya, libane mbali na ekzosi lisije likayeyuka, waya wa taa uufuatishe na swichi ya ufunguo. Ulifunga vizuri, nikakusifu kwa kila fundi wa gereji hii. Ndiyo maana uliponitumia ile video nikawaita waione.

Nikaaibika mbele yao. Mlikuwa mnateremka kona za Soni kwenda kumsalimia mama mdogo Mazinde. Gari linakimbia, taa ya geji inawaka, na mshale umesimama kwenye sifuri. Hemedi, injini ikiwa inanguruma na mguu umetoka kwenye mafuta, injini huvuta hewa na mshale hushuka chini ya sifuri. Ukisimama palepale, injini imezimwa. Ulizima gari mlimani, ukaliachia frii ili ubane mafuta, na mama yangu yuko kiti cha nyuma. Kwanza nilidhani bomba limechomoka, na nilitamani iwe hivyo. Kisha nikamsikia mama akiuliza:

"Mbona gari liko kimya hivi, mwanangu?"

Nawe ukamjibu, "Ndiyo raha ya gari zuri, mama."

Njia ya mwongo ni fupi. Unajua fika kwamba injini ikizimwa, breki unazipata mara mbili tatu tu, kisha pedali inakuwa ngumu kama gogo. Nilikufundisha mimi. Chini ya zile kona kuna nini, kama si mawe na mto? Nimekasirika, na kila nikikumbuka sauti ya mama ilivyotulia, naogopa.

Nisalimie shemeji, na shangazi yetu anayeuza matunda pale Soni. Kitenge chake anacho Athumani, ninayeishi naye chumba kimoja, anayekuja likizo kwao Mlalo. Barua hii pia anayo yeye, na nimemwomba asikupe mkononi. Anaisoma kwa sauti, na mama amekaa hapo.

Mama, shikamoo. Ule ukimya haukuwa raha. Injini ilikuwa imezimwa. Ufunguo Hemedi anao mfukoni sasa hivi. Uchukue, uufunge kwenye pindo la kanga yako.

Ni mimi mwanao,
Shafii