Kidole cha Mama

Wamagana, 14 Juni 1999

Kwako kaka Gichovi,

Kadi yako ya pole ilifika Jumanne, na marehemu mwenyewe ndiye aliyeichukua posta. Mama hajafa. Ng'ombe amezaa, chai inachumwa, na goti lake linamsumbua asubuhi tu.

Ile barua pepe ya msiba sikuiandika mimi. Mwezi jana, pale saiba, duka la kompyuta la Nyeri mjini, nilipata ujumbe ati kampuni ya barua pepe inataka neno langu la siri, la sivyo watafunga sanduku langu. Nikawapa, kumbe ni matapeli. Sikuulizi kama ulituma mchango wa mazishi. Mimi bado nashangaa: mtu ambaye hajawahi kutuona alimuua mama yetu kwa mistari sita, akatumia jina langu, nawe ukalia huko Amerika.

Nilienda polisi. Sajini alinisikiliza hadi chai yake ikapoa. "Kujifanya mtu mwingine ili udanganye watu ni kosa tangu zamani," akasema. "Lakini huyu nitamfuata kwa barabara gani?"

Nilipomweleza Mama, alikuwa akikamua. "Kwa hivyo huko nimekufa," akasema, "na hapa ninakamua."

Usiamini tena kitu kutoka sanduku lile. Amini alama iliyo hapa chini. Mama amechovya kidole gumba kwenye wino, kama anavyotia sahihi akipeleka kahawa kiwandani. Utaona mstari mweupe katikati, pale panga lilipomkata siku ile akikukatia muwa.

Dada yako,
Nyaguthii